Salamu za Melkiori kwa Wanaoanza

Adela mwanangu,

Nimekutuma Nyakisasa ukamuage bibi yako, na nimesema mgongo unaniuma ili usinisihi tuende wote. Mgongo hauniumi. Nilitaka nyumba ikae tupu kidogo nipate kuandika. Mvua imeanza mara tu ulipopita kona, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na hapa dirishani siioni hata njia ya kisimani.

Sitakuandikia habari za sanduku, wala za chakula cha njiani, wala za polisi wanaosindikiza mabasi katika msitu wa Biharamulo. Hayo tumeyasema mpaka umechoka. Ninaandika kwa ajili ya neno ulilolisema juzi tukichambua maharage. Ulisema, "Mama, wenzangu wa chuoni Mwanza wamekulia kwenye kompyuta. Mimi nitakaa kimya, nitaitikia kama najua, mpaka siku nitakayojua."

Nilicheka, nawe ukacheka, tukaendelea na maharage. Lakini neno lile halijanitoka, kwa sababu niliwahi kuishi nalo. Nataka nikueleze lilinifikisha wapi. Kipande cha habari hii unakijua. Kipande kikubwa kilitokea ukiwa bweni, na uliporudi likizo sikuwa na nguvu ya kukusimulia.

Unakikumbuka chumba cha kompyuta kule kambini kwa wakimbizi, kile cha matofali nyuma ya shule. Nilipewa kazi ya kukitunza kwa sababu nilikuwa nimepiga taipu parokiani miaka mingi, basi watu wakaamini kwamba mwanamke anayejua taipu anajua na kompyuta. Mashine zenyewe zilikuwa kuukuu, zimetolewa na watu wa mbali, na zilifika tupu. Ukiwasha, kioo kinakuwa cheusi, kialama kidogo kinapepesa pembeni, basi. Hazikuwa na ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuiambia ifanye nini.

Aliyeziamsha ni Melkiori. Alikuwa Mrundi, mwalimu wa hesabu, mwembamba, mtu wa kukohoa na kucheka kwa pamoja. Alikuwa amekimbia na mkewe Spesioza na watoto wao, wakajenga nyumba ya udongo na turubai upande wa bondeni. Melkiori alipata mfumo huria, ule ambao mtu haununui. Siku ya kwanza alitukusanya akatueleza maneno ambayo ninayakumbuka vizuri kuliko mahubiri yoyote.

Alisema mfumo ule hauna mwenyewe mmoja. Umeandikwa na watu wengi wasiojuana, na kila mtu anaruhusiwa kuufungua, kuusoma ulivyoandikwa, kuubadilisha na kumgawia jirani. "Ubaya wake," alisema, "ukikwama hakuna mwenye duka wa kumlalamikia. Wenyewe ni sisi, na sisi hatujui kitu. Kwa hiyo lazima tukae pamoja."

Ndivyo lilivyoanza kundi la wanaoanza. Jenereta iliwashwa mchana, na watu walikuja: fundi cherehani, katekista, vijana waliomaliza shule wakakosa pa kwenda, hata Msukuma mmoja mfugaji aliyetoka Bisibo kwa baiskeli kila alipopata nafasi. Utaratibu ulikuwa mmoja tu. Aliyejifunza jambo jana anakaa na aliyekuja leo. Nilimuuliza Melkiori kwa nini asifundishe yeye mwenyewe, maana ndiye aliyejua zaidi. Akanijibu kwamba yeye amekwisha kusahau ugumu wa siku ya kwanza ulivyo, na mtu aliyesahau hawezi kumshika mkono aliye ndani ya ugumu huo.

Kulikuwa pia na kundi kubwa zaidi la namna hiyohiyo, la watu tusiowaona. Tulikuwa na ile sahani ya mawasiliano juu ya bati, na hali ya hewa ikiwa nzuri tulipata barua pepe. Wanaoanza wa Tanga, Kigoma, Mombasa na kwingineko walikuwa wakiandikiana humo kwa Kiswahili, wakiulizana maswali ya mfumo uleule. Melkiori alinisajili. Nilizisoma barua zote na sikuandika hata moja. Watu kambini walikuwa wameanza kuniita mwalimu, na nilifikiri mwalimu akiuliza swali la mtoto, heshima yake itakuwa imeanguka.

Basi ikafika ile miaka ambayo posho ya chakula ilipunguzwa na habari za kurudi Burundi zikawa ndizo habari pekee. Malori yalianza kuchukua familia. Melkiori hakutaka kuwaandikisha watoto kabla hajaona kama shamba la baba yake bado lipo. Akaondoka peke yake kwa siri kwenda kutazama. Siku chache baadaye mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akibadilisha fedha pale Kabanga alileta habari. Mtumbwi ulizama katika mto Ruvubu. Wengine waliogelea wakatoka. Melkiori hakutoka, na mwili haukuonekana.

Tuliomboleza bila kaburi. Ulikuwepo siku ya kwanza, ulibeba maji. Wiki hizo chumba kilikuwa kimefungwa kwa sababu dizeli ilikwisha siku ileile aliyoondoka, na hapakuwa na mtu mwenye moyo wa kwenda kuidai. Wewe ukarudi shule.

Dizeli ilipofika, nilifungua mlango. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya vioo, na kulikuwa na harufu ya popo. Watu wakaja, wakaketi, kila mmoja akikwepa kiti cha pembeni ambacho Melkiori alizoea kukalia. Kompyuta ya pale pembeni ndiyo iliyoziunganisha nyingine zote kwa nyaya. Nikaiwasha, nikaziwasha na nyingine. Tulifanya kazi kidogo. Kisha, alasiri, maandishi yakatokea katikati ya kila kioo kwa wakati mmoja, yakikatiza kila alichokuwa akiandika mtu:

"Hamjambo. Nani amekwama leo? Ni mimi, Melkiori."

Hakuna aliyepiga kelele. Fundi cherehani aliondoa mikono yake juu ya vibonye taratibu, kama anavyoiondoa mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kujua. Katekista alifanya ishara ya msalaba. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu na wote tulikuwa tukikitazama.

Wakanigeukia mimi. Mwalimu, hii ni nini? Na mimi, Adela, nikafanya lile unalotaka kwenda kulifanya Mwanza. Nikasema kwa sauti ya kujiamini kwamba ni hitilafu ya nyaya, zimekaa muda mrefu, zimeshika unyevu. Sikuwa na habari hata kidogo ya ilikuwa nini.

Kesho yake, alasiri ileile, salamu ikaja tena. Na keshokutwa. Nilichomoa nyaya nikazipangusa mbele ya watu ili waone ninafanya kazi, nikazirudisha, salamu ikaja. Watu wakaanza kupungua. Katekista alishauri mashine ile ibarikiwe, vijana wakasema ifukiwe. Ofisi iliyotulipia dizeli ikaniuliza kwa nini chumba kinabaki kitupu, ikasema kama hakina watu, mafuta yatapelekwa kwingine.

Halafu akaja Spesioza.

Sijui nani alimwambia. Alikuja na kanga yake ya msiba, akaketi kwenye kile kiti ambacho sote tulikikwepa, akasubiri. Hakuwahi kugusa kompyuta maishani, ila kusoma alijua, maana Melkiori ndiye aliyemfundisha. Maandishi yalipotokea aliyasoma polepole kwa midomo, akagusa jina kwa kidole. Hakulia. Akaniambia kwa lafudhi yake ya Kirundi, "Mwarimu, mujibu. Mwambie watoto hawajambo."

Hapo ndipo iliponipasa kusema sijui. Ningesema, mama, sijui hii inatoka wapi, tuitafute pamoja. Badala yake nikaandika: watoto hawajambo. Nikabonyeza. Maneno yakaenda popote yalipokwenda. Spesioza akashukuru akaenda kuchota maji.

Alirudi kila siku. Alikuwa akiniambia maneno, nami nayaandika: mtoto wetu Fidelisi ameota jino, turubai limechanika, wanatuandikisha kwenye malori. Kesho yake salamu ileile inakuja, nani amekwama, na yeye anaona kwamba amejibiwa. Walipokuja kumwandikisha kwa ajili ya safari, akakataa. Akasema mumewe yuko njiani na akija atamtafuta palepale. Majirani zake waliondoka mmoja mmoja. Nyumba zilibomolewa, zikabaki alama za mstatili ardhini na mafiga matatu katikati ya kila moja. Jioni mtu akitembea upande ule alisikia maturubai yaliyosahaulika yakipigapiga kwa upepo, na moshi mmoja tu ukipanda, wa Spesioza na watoto.

Moshi ule ndio ulionivunja. Nikaelewa kwamba mwanamke yule anabaki peke yake na watoto katika bonde lililokwisha kuhamwa kwa sababu mimi naona haya kusema neno moja.

Niliandika kwanza kwenye baraza la mtandaoni la mabingwa wa mfumo ule, la Kiingereza, nikitumia kamusi. Nilichagua maneno makubwa ili nionekane mwenzao. Jibu likaja upesi: nikasome mwongozo. Mwongozo wenyewe ulikuwa mrefu kama Agano la Kale, na sikujua hata jina la kitu ninachokitafuta. Sikuwalaumu. Mtu anayejua huona kwamba ametaja mlango, kumbe wewe huioni hata nyumba.

Ndipo nikawaandikia wanaoanza. Nilikaa muda mrefu kabla ya kutuma. Niliandika kwamba mimi ndiye mtunzaji wa chumba, kwamba watu huniita mwalimu, na kwamba sijui kitu. Kisha nikaandika: "Mtu aliyekufa anatusalimia kila alasiri kupitia kompyuta. Mkewe anamsubiri. Nisaidieni."

Nilifikiri watacheka, au watanyamaza. Mama mmoja wa Tanga, anayeitwa Bi Zuhura, akaandika ananipa pole ya msiba kwanza. Mstari uliofuata akauliza: je, salamu huja wakati uleule kila siku, hata mkiwa hamjagusa kitu? Nikajibu ndiyo. Kijana wa Kigoma akaingilia. Akasema mwezi uliopita tu amejifunza kwamba mfumo wetu unaweza kuachiwa kazi ya kufanya kila siku kwa saa iliyopangwa, hata aliyeipanga akiwa hayupo. Akaniandikia herufi moja baada ya nyingine, nibonyeze nini, nitaona nini, na nisiogope nikiona nini, maana yeye mwenyewe aliogopa. Kila nilipokwama nilirudi kwao. Hakuna aliyeniambia nilipaswa kujua.

Sasa ndipo nilipofahamu kundi lile lilikuwa la nini. Nilikuwa nadhani ni shule ya chekechea ya mfumo, mahali pa kupita haraka ili mtu aende kwa wakubwa. Kumbe kitu ambacho ni cha watu wote kinaweza kufungwa kabisa kwa mtu asiyejua aulize vipi. Ruhusa ya kufungua nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Sikuwa na watu ambao mbele yao ningeweza kusema sioni tundu la ufunguo. Na yule kijana wa Kigoma aliweza kunisaidia kwa sababu giza lake lilikuwa la mwezi uliopita.

Nilifungua, nikakuta. Mstari mmoja mfupi uliopangwa na Melkiori siku aliyoondoka. Juu yake aliweka maneno ambayo mashine huyaruka, yaliyowekwa kwa ajili ya binadamu atakayefika hapo: "Ili wanaoanza wasijione wapweke nikiwa safarini. Nikirudi nitaufuta."

Nikainuka nikashuka bondeni.

Nilimwita Spesioza. Nilianza na kosa langu, kwamba nilikuwa naandika majibu yake bila kujua yanakwenda wapi, na kwamba hayakuwa yakienda popote. Nikamwonyesha mstari. Alisoma kwa midomo kama kawaida yake, akarudia kusoma.

"Kwa hiyo si yeye," alisema.

"Ni yeye," nikamwambia. "Lakini ni wa kabla."

"Kabra ya mto."

"Kabla ya mto."

Nilitegemea atanitukana. Alikuwa na haki. Akaniuliza kama mimi ninaweza kuufuta mstari ule, nikasema ndiyo, hata sasa hivi. Akasema hapana. Akasema aliyeahidi kuufuta ni wa nyumbani kwake, na atakayeufuta atakuwa wa nyumbani kwake, kwa hiyo nimfundishe.

Basi Spesioza akawa anayeanza. Fundi cherehani alimfundisha vibonye. Yule mfugaji wa Bisibo, ambaye kila kidole chake ni kinene kama vyangu viwili, alimfundisha kufuta alichokosea, kwa sababu ndilo jambo alilolijua vizuri kuliko wote. Watu walipomwona mjane ameketi pale pembeni bila woga, wakaanza kurudi. Salamu ikaendelea kuja kila alasiri. Hatukuizoea. Kila ilipokuja chumba kizima kiliacha kupumua, kisha mtu anasema kwa sauti ndogo amekwama wapi, na mwenzake anahamisha kiti.

Kuna jambo moja ambalo sikuwahi kulipatia maelezo, nami sitaki kukudanganya kwamba nililipata. Siku moja ya mawingu mazito salamu ilikuja kwa Kirundi. Iliandikwa "Mwiriwe", neno hilo tu, ambalo ni salamu yao ya alasiri, na jina lake. Nilikwenda palepale kutazama mstari. Ulikuwa wa Kiswahili, haujaguswa. Niliwauliza waliokuwemo wote, wakakana, na niliwaamini kwa jinsi nyuso zao zilivyokuwa. Niliandika kwa kundi. Bi Zuhura alisema lazima kuna mkono wa mtu, kijana wa Kigoma akatoa njia za kuchunguza, nikazifuata zote, sikuona kitu. Nikawaandikia kwamba sijui. Bi Zuhura akajibu kwamba naye hajui. Spesioza peke yake hakuuliza. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anavyoitikia salamu njiani, akaendelea kuandika.

Alipokuwa tayari alituambia siku moja kabla. Tukajaa chumbani. Alifungua mwenyewe, akaufikia mstari, akausoma kwa sauti safari hii. Kisha akaufuta, herufi kwa herufi kutoka mwisho kwenda mwanzo, ingawa tulikuwa tumemwonyesha njia ya mkato. Kesho yake alasiri tulikaa tukisubiri, na vioo vikabaki kama vilivyo. Nilisikia upepo unapita kwenye bati. Spesioza akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda kwa binti mmoja mgeni aliyekuwa amesimama mlangoni akiogopa kuingia, akamshika mkono akamketisha.

Alijiandikisha mwezi ule. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Aliniambia jambo moja tu: siku zile nilizoandika maneno yake bila kujua yanakwenda wapi zilimsaidia pia, ila nisimfanyie mtu mwingine. Shamba la wakwe zake lilikuwepo. Yuko huko, anapika pombe ya ndizi na kufundisha watoto wa jirani kusoma, na kila apatapo mtu wa kuja Kabanga hunitumia salamu.

Basi, mwanangu. Mwanza utakuta watu wanaojua, na uwaheshimu. Lakini siku ya kwanza watafute wanaoanza. Watakuwepo, labda wamejificha nyuma ya kuitikia kama ulivyopanga wewe. Mmoja wenu akisema sijui, wengine watapumua. Usikubali kuwa wa mwisho kulisema, kwa sababu unapojifanya kujua kuna mtu pembeni anayeamini, na anaweza kupanga maisha yake juu ya uongo wako mdogo. Na ukishajua, usihame haraka. Kaa nao kidogo, ukiwa bado unakumbuka.

Bado kuna mengine ya kukuambia, lakini ukungu umeanza kupanda, na naona watu wawili wanashuka kilimani chini ya jani moja la mgomba, na mmoja anatembea kama wewe. Sijui aliye nawe ni nani. Kama ni bibi yako amekataa kuagwa na ameamua kuja kukusindikiza mwenyewe, nitahitaji kuongeza maji kwenye chungu.

Tangu baba yako alipotutoka sijawahi kuishi katika nyumba hii bila wewe. Sijui mtu anapika kiasi gani, wala anamwambia nani kwamba mvua imekatika. Kesho basi likiondoka nitarudi hapa nianze. Nikikwama nitakuandikia kukuuliza, nawe usinicheke.

Mama yako.